Utangulizi: Kusoma Riwaya ya Vijana Pamoja na Njia Iliyoileta

Mwezi Aprili 2010, katika mji mdogo wa Austin ulio kusini mwa jimbo la Minnesota nchini Marekani, mwanamke kijana wa miaka 25 aitwaye Amanda Hocking alianza kupakia riwaya zake kwenye duka la mtandaoni la Amazon. Mchana alikuwa akiwahudumia watu wenye ulemavu katika nyumba wanamoishi kwa pamoja, usiku aliandika. Miswada 17 ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwake, na kwa miaka mingi alikuwa akiwaandikia mawakala wa vitabu kuwaomba wamwakilishe. Wote walimkatalia. Hata hivyo mwezi ule hakuwa akifukuzia utajiri. Alihitaji dola 300 hivi ili aende Chicago kutazama maonyesho ya kazi za Jim Henson, muumba wa vikaragosi vya Muppets, na alikuwa na miezi sita ya kuzipata. Miezi sita ilipokwisha alikuwa amepata dola 20,000. Januari 2011 peke yake ziliuzwa nakala zaidi ya 400,000 za vitabu vyake, karibu zote zikiwa vitabu pepe. Machi mwaka huohuo kampuni ya St. Martin's Press ya New York ikamsainisha mkataba wa riwaya nne mpya kwa dola milioni mbili.

Kisa hiki kimesimuliwa mno, na karibu kila anayekisimulia huishia kwenye hizo dola. Vitabu vyenyewe havifunguliwi. Mimi nakukaribisha uvifungue. Uwanja ninaokuingiza, yaani uchunguzi wa riwaya za vijana zenye viumbe wa ghaibu zilizotolewa na waandishi wao wenyewe, bado ni mchanga, na unamhitaji msomaji anayeweza kushika vitu viwili kwa mkono mmoja: hadithi na biashara iliyoibeba. Shauri langu ni hili. Namna kitabu kinavyosafiri kutoka kwa mwandishi hadi kwa msomaji huingia ndani ya kitabu chenyewe, ikaamua sura ya kwanza ianze vipi, sura ya mwisho iachie wapi, na hata nani apendwe na nani. Anayechambua hadithi bila soko, au soko bila hadithi, atapata nusu ya jambo, na nusu hiyo itampotosha.

Tuanze na hadithi. Katika *Switched*, kitabu cha kwanza cha utatu wa Trylle, Wendy Everly anatimiza miaka sita, na siku hiyohiyo ya kuzaliwa mama yake anamvamia kwa kisu cha jikoni akidai kwamba huyu si mwanawe, ni zimwi. Kaka yake, Matt, ndiye anayemwokoa. Mama anapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Miaka 11 baadaye tunamkuta Wendy akiwa msichana wa sekondari, mkaidi, asiyedumu katika shule yoyote, mwenye uwezo ambao hauelewi: akimkazia mtu mawazo, mtu huyo hutenda analotaka yeye. Ndipo anapotokea Finn, kijana aliyetumwa kumrudisha kwao, na msomaji anagundua pamoja na Wendy kwamba mwanamke yule mwenye kisu alikuwa akisema kweli. Mtoto alibadilishwa. Mwanawe wa kuzaa alichukuliwa, akaachiwa wa watu wengine.

Hapo pananifanya nisimame kila ninaposoma. Riwaya ya vijana kwa kawaida humwambia msomaji wake kwamba hisia ya kuwa mgeni nyumbani kwenu ni ya kupita, utakua na itaisha. Hocking anasema vingine: ulikuwa mgeni kweli, na aliyekuchukia alikuwa na sababu. Ni jambo zito kumpa msomaji wa miaka 14. Uzito wake unabebeka kwa kuwa limevikwa vazi la ngano.

Ngano yenyewe ni ya kale. Katika nchi za Skandinavia watu walisimulia kwamba mazimwi ya milimani huiba mtoto mchanga wa binadamu na kuacha wa kwao kitandani. Wazazi walishauriwa wamtese mtoto aliyeachwa ili mama yake zimwi amwonee huruma na kuja kumchukua. Wataalamu wa ngano wamekwisha kuonyesha kwamba nyuma ya masimulizi hayo kulikuwa na watoto halisi, waliozaliwa na ulemavu au waliodhoofika kwa maradhi ambayo hakuna aliyeyajua jina. Katika karne ya 19 Waswidi na Wanorwe walihamia Minnesota kwa wingi, kwa hiyo ngano hizi si ngeni kwa mazingira ya Hocking. Sidai kwamba kazi yake ya mchana ndiyo iliyomletea wazo. Ila anayejua asili ya ngano hiyo, kisha akajua mwandishi alikuwa akishinda na nani, hataisoma sura ya kisu kwa wepesi.

Kisha Hocking anaongeza lake. Watrylle wake ni mazimwi wenye sura nzuri wanaoishi Förening, mji uliofichika kwenye majabali ya mto Mississippi. Hawabadilishi watoto kwa uovu tu. Wanawapandikiza katika familia tajiri za binadamu, wanawaacha walelewe, wasomeshwe na kuandikiwa urithi, halafu wanawarudisha kwao pamoja na mali. Ufalme mzima unaendeshwa kwa fedha za wazazi waliodanganywa. Malkia Elora, mama halisi wa Wendy, anampokea binti yake kama mtu anayepokea shehena iliyochelewa. Hata mtoto wa binadamu aliyeibwa yumo humohumo kasrini, amekulia kwa watu wasiomhesabu kuwa wao. Riwaya hii basi inazungumza waziwazi kuhusu tabaka, urithi na gharama ya mtoto, na nashangaa ni wahakiki wachache kiasi gani waliolitilia maanani jambo hilo.

Msomaji wetu wa Tanga au Mombasa ataingia katika fasihi hii na kumbukumbu zake mwenyewe, na ni vizuri aje nazo. Ukiacha mazimwi ya Hocking, kiumbe aliyetia fora katika riwaya hizi ni vampaya, yaani mnyonya damu, lakini mnyonya damu anayemfahamu msomaji huyo ni mumiani, yule anayevizia watu usiku na kuwatoa damu ikauzwe. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kiitwacho *Speaking with Vampires*, alizisikiliza hadithi za mumiani na wazimamoto wa wakati wa ukoloni kama ushahidi wa kihistoria: watu wakieleza, kwa lugha waliyokuwa nayo, namna serikali na kazi za mshahara zilivyowafyonza. Hakuna anayempenda mumiani. Vampaya wa riwaya za vijana za Marekani, kwa upande mwingine, ni mzuri wa sura, ana gari la bei mbaya, na hofu anayoizua ni hofu ya kupendwa kupita kiasi.

Alifikaje huko? Njia ni ndefu, nami nitaipita haraka. John Polidori alimleta mnyonya damu mwenye cheo mwaka 1819, Sheridan Le Fanu akamfanya msichana katika *Carmilla* mwaka 1872, Bram Stoker akamjenga *Dracula* mwaka 1897. Mgeuko mkubwa ulikuja mwaka 1976, pale Anne Rice alipompa mnyonya damu nafasi ya kusimulia maisha yake mwenyewe. Tangu hapo zimwi likawa na nafsi, na chenye nafsi kinaweza kupendwa. Upande wa vijana ulikuwa na historia yake. Chama cha maktaba cha Marekani kiliunda kitengo maalumu cha huduma kwa vijana mwaka 1957, na *The Outsiders* ya S. E. Hinton, iliyoanza kuandikwa mwandishi akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, ilitoka mwaka 1967 na kuonyesha kwamba rika hilo linataka vitabu vinavyosema nalo moja kwa moja. Mito hiyo miwili ilikutana katika vitabu kama *The Silver Kiss* cha Annette Curtis Klause cha 1990 na *The Vampire Diaries* vya L. J. Smith kuanzia 1991. Mwaka 2005 ikatoka *Twilight* ya Stephenie Meyer, na mafuriko yakaanza. Kitabu cha nne, cha kufunga, kilitoka Agosti 2008. Mamilioni ya wasomaji walikifikia mwisho na kubaki na njaa, na njaa hiyo ndiyo iliyomkuta Hocking na vitabu vyake tayari.

Tzvetan Todorov, katika kazi yake ya mwaka 1970 kuhusu fasihi ya kifantasia, alifundisha kwamba kiini cha utanzu huo ni kusita: msomaji hajui kama jambo la ajabu lina maelezo ya kawaida au la. Wanafunzi wangu hupenda kuitumia nadharia hiyo hapa, na mara nyingi hukwama, kwa sababu katika riwaya hizi kusita hakudumu. Robo ya kwanza ya kitabu haijaisha, tumekwisha kuambiwa kwamba mazimwi yapo na wewe ni mmoja wao. Kusita kunahamia kwingine. Wendy hasiti kuhusu ulimwengu, anasita kuhusu watu: Finn aliyepewa kazi ya kumlinda, au mwingine? Kaka aliyemlea, au mama aliyemzaa? Swali la Todorov lahitaji kugeuzwa kidogo kabla halijatufaa.

Sasa nije kwenye soko, na hapa naomba msomaji wa fasihi asiruke kurasa. Amazon ilizindua kifaa chake cha Kindle Novemba 2007, na pamoja nacho ikafungua njia ya mtu yeyote kupakia kitabu chake na kukiuza. Mwaka 2008 Mark Coker alianzisha Smashwords, iliyosambaza vitabu pepe kwenye maduka mengine. Kilichobadilisha mambo zaidi kilikuja mwishoni mwa Juni 2010, miezi michache baada ya Hocking kuanza: Amazon ilianza kutoa mrabaha wa asilimia 70 kwa vitabu vya kati ya dola 2.99 na 9.99. Vilivyouzwa chini ya hapo vilibaki kwenye asilimia 35. Linganisha na mwandishi wa kampuni kubwa, ambaye kwa kitabu cha jalada laini hupata kwa kawaida asilimia sita hadi nane ya bei.

Hocking aliuza vitabu vya mwanzo wa mfululizo kwa senti 99, na vinavyofuata kwa dola 2.99. Piga hesabu. Anayenunua kitabu cha kwanza anamwachia mwandishi senti 35 hivi. Akiishia hapo, biashara imeisha. Akiendelea hadi cha tatu, kila kitabu kinachofuata kinaleta dola mbili na zaidi, na msomaji mmoja anakuwa ameleta kama dola nne na nusu. Kitabu cha kwanza basi hakijitegemei kibiashara. Kazi yake ni kumvusha msomaji kwenda cha pili. Ukilijua hilo, utaona kwa nini *Switched* haimalizi karibu chochote. Mapenzi ya Wendy na Finn yamezuiliwa na sheria ya tabaka, adui wamejitokeza lakini hawajashindwa, Elora bado ni fumbo. Mhakiki asiyejua bei ataliita hilo udhaifu wa muundo. Mimi naliona kuwa ni muundo kamili, isipokuwa kipimo chake ni vitabu vitatu, na ndani ya kipimo hicho Hocking anajua anachofanya: mtoto aliyeibiwa urithi wa upendo anafika katika *Ascend*, kitabu cha tatu, akiwa na uwezo wa kubadili sheria iliyomwiba.

Waandishi wetu watalitambua jambo hili mara moja. Eric Shigongo aliwajengea Watanzania mazoea ya kununua gazeti la wiki kwa ajili ya sehemu inayofuata ya riwaya yake, na magazeti yenyewe yalikuwa ya kampuni yake, Global Publishers. Ben Mtobwa kabla yake alianzisha Heko Publishers, akatoa riwaya zake kwa mkono wake mwenyewe. Leo simulizi za majini na mapenzi zinauzwa kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu za mwanzo bure, zinazofuata kwa malipo ya simu, na neno *itaendelea* linakaa palepale ambapo mwandishi anajua vidole vya msomaji vitaenda kwenye namba ya kulipia.

Kujichapishia, kwa hiyo, si jambo jipya, na halikuzaliwa na intaneti. Walt Whitman alijitolea *Leaves of Grass* mwaka 1855. Beatrix Potter, baada ya kukataliwa, alijichapishia nakala 250 za hadithi ya Peter Rabbit Desemba 1901, kabla ya kampuni ya Frederick Warne kuichukua mwaka uliofuata. Karibu zaidi na uwanja wetu, familia ya Christopher Paolini huko Montana ilichapisha *Eragon* mwaka 2002, na kijana huyo akazunguka shuleni na maktabani akiwa amevaa mavazi ya zama za kati ili kukiuza. Mwaka 2003 kampuni ya Knopf ikakitoa upya. Colleen Houck naye alijitolea *Tiger's Curse* kabla haijachukuliwa na mchapishaji na kutoka upya mwaka 2011. Ukiviweka visa hivi pamoja utaona kitu ambacho hotuba za mapinduzi ya kidijitali huficha: wengi wa waandishi hawa walitaka kuchapishwa na wengine, na walipopata nafasi waliichukua.

Kwa nini waichukue? Kwa sababu ya kazi. Robert Darnton, katika makala yake ya mwaka 1982 kuhusu historia ya vitabu, alichora mzunguko wa watu ambao kitabu hupita mikononi mwao: mwandishi, mchapishaji, wapiga chapa, wasafirishaji, wauzaji, wasomaji. Kujichapishia hakukufuta hata kituo kimoja katika mzunguko huo. Vituo vimehamia kwenye meza moja. Chukua jambo dogo kabisa, la kuandaa faili. Mwaka 2010 mwandishi aliyetaka kuuza kupitia Smashwords alipaswa kupakia hati ya Word iliyosafishwa: aya zianze kwa kipimo cha ujongezaji kilichowekwa kwenye mtindo, si kwa kubonyeza kitufe cha tabo, mistari mitupu iliyorundikwa ili kusukuma sura kwenye ukurasa mpya iondolewe, fonti za mapambo zitolewe. Kisha hati iliingia kwenye kigeuzi ambacho kampuni yenyewe ilikiita mashine ya kusaga nyama, na ikitoka na kasoro, mwandishi alirudi mwanzo. Coker aliandika mwongozo mzima wa kazi hiyo, wa bure, na wapo waandishi wa kizazi kile walioujua vizuri kuliko nadharia yoyote ya riwaya.

Kisha jalada. Duka la mtandaoni linalionyesha likiwa na ukubwa wa stempu, kwa hiyo herufi za madaha na michoro yenye mambo mengi hazionekani. Ndiyo maana majalada ya utanzu huu yalielekea kufanana: uso mmoja, au kitu kimoja, juu ya giza. Gérard Genette, aliyeandika mwaka 1987 kuhusu vyote vinavyokizunguka kitabu, kuanzia jina hadi jalada na utangulizi, alivifananisha na kizingiti cha nyumba. Katika vitabu hivi kizingiti kinajengwa na mwenye hadithi mwenyewe, na kwa hiyo tuna haki ya kukisoma kama sehemu ya maandishi yake.

Na uhariri. Hocking alilipa wahariri, lakini wasomaji waliendelea kulalamika kuhusu makosa ya tahajia na sarufi. Jambo hili lilimuumiza, naye amelisema hadharani. Alipoulizwa kwa nini anasaini na St. Martin's wakati anaweza kujiuzia mwenyewe, jibu lake lilihusu muda: alitaka kuwa mwandishi, si mtu wa kushinda akijibu barua pepe, kupanga majalada na kutafuta wahariri. Alitaka pia vitabu vyake vipatikane madukani, kwa wasomaji wasiokuwa na vifaa vya kusomea. Mwezi uleule wa Machi 2011 mwandishi wa riwaya za kijasusi Barry Eisler alikataa dola nusu milioni za St. Martin's hiyohiyo ili ajichapishie. Magazeti yaliwaweka hawa wawili kama wapinzani. Nikiwasoma pamoja naona watu wawili wanaopima kitu kimoja, yaani saa zao za kuandika, na kila mmoja akiwa na akiba tofauti. Eisler alikuwa na jina lililotengenezwa tayari na wachapishaji. Hocking alikuwa na meza iliyojaa kazi za watu sita.

Kuna swali la wasomaji, nalo ndilo ninalolipenda zaidi. Janice Radway, katika *Reading the Romance* ya mwaka 1984, aliwaendea wanawake wa mji mmoja wa Marekani ya kati waliokuwa wakisoma riwaya za mapenzi kwa wingi. Badala ya kuwaambia vitabu vyao vina maana gani, aliwauliza wanavifanyia nini. Walimweleza kwamba kusoma kulikuwa saa yao, isiyodaiwa na mume wala mtoto. Mbinu hiyo inatufaa sana, hasa tukikumbuka matokeo ya utafiti wa kampuni ya Bowker uliotangazwa mwaka 2012: asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vya vijana walikuwa na miaka 18 au zaidi, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la watu wa miaka 30 hadi 44. Wengi wao walisema wanajinunulia wenyewe. Mwaka 2010 kifaa cha Kindle hakikuwa kitu cha kila mwanafunzi, na duka la mtandaoni lilidai kadi ya benki. Tunaposema fasihi ya vijana, basi, tunamsema kijana aliye ndani ya hadithi. Anayeishika hadithi mkononi huenda ni mama yake. Hili halipunguzi thamani ya vitabu. Linatulazimisha kuuliza mtu mzima anarudi kutafuta nini katika umri wa miaka 17.

Swali hilo lina upande mgumu. Katika *Twilight* kijana anaingia chumbani kwa msichana usiku na kumtazama akilala, na msichana anachukulia kuwa ni mapenzi. Wahakiki wamelipigia kelele jambo hilo, na nadhani walikuwa na haki. Katika *Switched* kumtazama Wendy ni kazi ya Finn, ndiyo ajira yake, na Wendy mwenyewe huchukizwa na kukodolewa macho na kumwambia wazi. Hata hivyo anampenda. Je, Hocking anaukosoa mtindo wa kabla yake, au anaulainisha ili uuzike tena? Nimebadili jibu langu zaidi ya mara moja, na nadhani kitabu kinaruhusu yote mawili. Ningependa mtafiti kijana, hasa wa kike, aliyesoma vitabu hivi kwa raha kabla ya kuvisoma kwa kazi, alichukue swali hili na kulifikisha mbali kuliko nilivyoliweza mimi.

Tahadhari moja. Tukisoma waliofanikiwa tu, uwanja huu utakuwa wa uongo. Kwa kila Hocking walikuwapo waandishi wengi waliopakia riwaya zao miezi ileile, kwa bei ileile, zikanunuliwa na jamaa na marafiki. Riwaya hizo bado zipo, nyingi zinauzwa hadi leo. Zisomwe. Mara nyingine ni humo ambamo utanzu hujaribu mambo ambayo soko halikuyataka: zimwi lisilopendeka, msichana asiyechagua yeyote, mwisho usiofungua kitabu kingine.

Anayeanza, aanze na *Switched*. Toleo la St. Martin's la mwaka 2012 limepitia mikono ya wahariri na kuongezewa hadithi fupi mwishoni, kwa hiyo ukiweza kulipata toleo la mwanzo la 2010, yaweke ubavu kwa ubavu na uandike kila sentensi iliyoguswa. Utajifunza mengi zaidi kuhusu kazi ya mhariri kuliko mhadhara wowote unavyoweza kukufundisha. Ukimaliza, rudi kwetu, kwenye simulizi za WhatsApp. Hizo hazina toleo la kwanza wala la pili lililowekwa maktabani. Ziko kwenye simu za watu, na simu huibiwa, huharibika, hubadilishwa. Mwenye sehemu 40 za simulizi ya jini na binti wa Magomeni azihifadhi zote kwa mpangilio wake, pamoja na tarehe zilipotumwa, bei iliyodaiwa, picha iliyotumika kama jalada, na maneno ambayo wasomaji waliandika kati ya sehemu moja na nyingine.